Sauti Inapopwa: Tezi ya Dundumio, Homoni na Usemi katika Nchi ya Kivu

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili aliyekaukiwa na koo husema kwamba amepwewa na sauti. Usemi huo umetoka pwani: maji ya bahari hujaa na kupwa, nayo sauti hali kadhalika huondoka na kurudi. Anayepwewa hudhani ni mafua, au vumbi la kiangazi, au kuimba kupita kiasi katika sikukuu iliyopita. Mara nyingi dhana yake huwa sahihi, kwani baada ya siku chache sauti hujaa tena.

Hata hivyo, iko sauti inayopwa isijae. Hushuka kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, pasipo homa wala kikohozi. Mwenye sauti hiyo aghalabu ndiye wa mwisho kuitambua; watu wa nyumbani mwake huiona kwanza, na wasioijua sababu yake huipa sababu nyingine: uzee, uvivu, majivuno, pengine hata uchawi. Makala haya yanakusudia kueleza namna sauti ya mwanadamu inavyotawaliwa na homoni, hususan homoni za tezi ya dundumio iliyoko shingoni, na kuonyesha kwamba mabadiliko ya sauti ni ishara ya mwili inayopasa kusomwa kabla ya kuhukumiwa.

Mji wa Bukavu na nchi inayouzunguka umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni katika Ziwa Kivu, kwenye kisiwa cha Idjwi, ambako maradhi ya dundumio yalichunguzwa kwa kina kiasi cha kubadili fikra za wataalamu duniani. Pili, Mswahili wa Bukavu aghalabu huzungumza pia Kimashi, Kihavu au Kilega, lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana. Kwa msemaji wa aina hii, anayepoteza kidatu cha sauti hapotezi uzuri wa kuimba tu. Hupoteza sehemu ya lugha yenyewe.

2. Ala ya sauti

Zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ni umbo la gegedu lililokaa juu ya koo la hewa. Ndani yake mna nyuzi sauti mbili. Jina hilo linaweza kumpotosha mwanafunzi, kwa maana si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama inayoweza kukutana na kuachana. Hewa inapotoka mapafuni na kukuta mikunjo hiyo imekaribiana, huitetemesha, na mtetemo huo ndio mwanzo wa sauti. Idadi ya mitetemo kwa sekunde ndiyo inayoamua kidatu. Kwa mwanamume mzima idadi hiyo katika mazungumzo ya kawaida ni kati ya 100 na 130 hivi. Kwa mwanamke hufikia 200 na zaidi. Kwa mtoto mdogo hupita 250.

Mambo matatu hutawala idadi hiyo: urefu wa nyuzi, uzito wake na jinsi zilivyokazwa. Mpiga zeze anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Uzi mrefu na mnene hutoa sauti ya chini. Uzi mfupi, mwembamba na uliokazwa hutoa sauti ya juu. Kwa hiyo chochote kinachoongeza uzito wa nyuzi sauti hushusha kidatu, na chochote kinachozifanya zisilingane huleta mkwaruzo.

Muundo wa nyuzi hizo nao una umuhimu wake. Ndani kabisa mna msuli. Juu ya msuli mna tabaka laini mfano wa uteute mzito. Na juu ya yote mna ngozi nyembamba. Tabaka hilo laini ndilo linalocheza hewa inapopita, na ndilo lililo wepesi kuathiriwa na homoni, kwa kuwa hunywa maji na kuvimba, au hupoteza maji na kukauka, kulingana na hali ya mwili. Msemaji hana habari ya mabadiliko hayo. Anachojua ni kwamba leo sauti yake haimtii.

3. Dundumio na madini yake

Chini kidogo ya zoloto, ikiwa imelikumbatia koo la hewa kwa mbele, iko tezi yenye umbo la kipepeo. Hiyo ndiyo dundumio. Kwa mtu mzima mwenye afya haizidi gramu 25 hivi, nayo haionekani wala haihisiki kwa urahisi. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouamuru mwili kiasi cha nguvu za kutumia: mwendo wa moyo, joto la ngozi, ukuaji wa mifupa, wepesi wa fikra, na kwa mtoto aliye tumboni, kuumbika kwa ubongo.

Homoni hizo hazitengenezeki pasipo iodini, ambayo katika mafunzo ya afya nchini Tanzania huitwa madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno. Mahitaji ya maisha mazima hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini kikikosekana, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huihimiza dundumio ifanye kazi zaidi. Dundumio hutii kwa kukua. Ukuaji huo ndio uvimbe wa shingo ambao Kiswahili huuita rovu.

Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Ile iliyokuwamo katika udongo wa milima huoshwa na mvua karne kwa karne na kuchukuliwa na mito. Ndiyo maana rovu limekuwa ugonjwa wa nchi za milimani: Alpi za Ulaya, Andi za Amerika ya Kusini, Himalaya, na nyanda za juu za Afrika ya Kati. Bukavu, mji uliojengwa kwenye vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umo katika ukanda huo. Wala samaki wa ziwa hawaondoi upungufu huo. Sambaza, ambao waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni chakula chema chenye protini nyingi, lakini ni samaki wa maji baridi, na iodini yao si ya kulinganishwa na ya samaki wa bahari.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuishi pwani kunatosha. Chumvi inayopatikana kwa kuanika maji ya bahari hubaki na iodini kidogo sana. Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba katika miaka ya 2000 ulionyesha upungufu wa iodini miongoni mwa watu wanaoamka kila siku wakiitazama bahari, kwa kuwa chumvi iliyozalishwa visiwani humo haikuwa imetiwa madini hayo ipasavyo.

4. Kisa cha Idjwi

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa IRSAC. Makao yake makuu yalijengwa Lwiro, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Bukavu. Taasisi hiyo baadaye iligeuka kuwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro. Katika miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi katika eneo hilo, miongoni mwao François Delange, Claude Thilly na André Ermans, walielekeza macho yao Idjwi, kisiwa kikubwa kilicho katikati ya ziwa, kati ya Kongo na Rwanda.

Walichokikuta huko kilikuwa kitendawili. Katika sehemu ya kaskazini ya kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Katika sehemu ya kusini-magharibi, wenye rovu walikuwa wachache mno. Lau rovu lingesababishwa na upungufu wa iodini peke yake, basi watu wa kusini-magharibi wangetarajiwa kupata iodini zaidi. Vipimo vilionyesha kwamba sivyo: pande zote mbili zilikuwa na upungufu mkubwa. Delange na wenzake wakahitimisha, katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1968, kwamba upungufu wa iodini hufungua mlango tu. Pana kitu kingine kinachoingia kupitia mlango huo.

Utafiti ulioendelea Idjwi, na baadaye katika eneo la Ubangi kaskazini-magharibi mwa nchi, ulionyesha kwamba kitu hicho kilikuwa ndani ya muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, huwa na kemikali inayozaa sianidi. Mwili huigeuza sianidi hiyo kuwa thiosianati, na thiosianati huizuia dundumio isiidake iodini kidogo iliyopo. Mtu mwenye iodini ya kutosha hula muhogo ulioandaliwa vizuri bila madhara ya dundumio. Mwenye upungufu, akila muhogo uliorowekwa kwa haraka na kukaushwa nusunusu, hunyang'anywa hata kile kidogo alichokuwa nacho. Katika miaka ya 1980 watafiti waliongeza jambo la tatu: upungufu wa seleni, madini mengine ambayo dundumio huyahitaji ili ijilinde isiharibike.

Hapa pana funzo kwa wale wanaotaka kuulaumu muhogo. Bugali wa muhogo na sombe ni chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu, na kuwaambia wauache ni kuwaambia wafe njaa. Kinachotakiwa ni kuuroweka muhogo siku za kutosha, kuukausha vema juani, kuyapika majani yake kwa muda mrefu, na juu ya yote kuhakikisha kwamba iodini ipo chunguni. Watafiti wa Idjwi walitumia kwanza sindano za mafuta yenye iodini, ambazo kinga yake hudumu miaka kadhaa. Lakini sindano humfikia yule tu anayefikiwa na mganga. Chumvi humfikia kila mtu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba chumvi yote ya kuliwa itiwe iodini, na kuenea kwa chumvi hiyo nchini Kongo ndiko kulikopunguza ukali wa tatizo kuliko jambo jingine lolote.

5. Kilio cha kwanza

Mahusiano ya dundumio na sauti huanza siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa bila homoni za kutosha za dundumio huweza kuonekana mzima kabisa katika siku za mwanzo. Kisha mama huona kwamba mtoto hanyonyi kwa nguvu, analala mno, ana manjano isiyokwisha, hapati choo vizuri, kitovu chake kimetokeza, na ulimi wake ni mkubwa kwa kinywa chake. Zaidi ya hayo, kilio chake ni kizito na cha kukwaruza, tofauti na kile kilio chembamba na kikali ambacho jirani hukitambua hata akiwa nje ya ua.

Mama anayesema kwamba mwanawe ni mpole, halii ovyo, huenda anapongezwa. Lakini mtoto mpole kupita kiasi, mwenye kilio kizito, anastahili kupelekwa kwa mganga upesi. Homoni ya vidonge ikianza kutolewa katika majuma ya kwanza ya maisha, mtoto hukua na akili yake karibu sawa na wenzake. Ikicheleweshwa kwa miezi mingi, sehemu ya ubongo iliyokosa kuumbika hairudi.

Katika maeneo yenye upungufu mkubwa wa iodini, wataalamu wameeleza aina mbili za ulemavu utokanao na ukosefu huo. Ya kwanza, iliyoenea katika milima ya Amerika ya Kusini na kisiwa cha Guinea Mpya, huharibu ubongo wa mtoto angali tumboni na kumwacha kiziwi, na kwa hiyo bubu. Ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida zaidi nchini Kongo, humwacha mtu akiwa mfupi mno, mwenye ngozi kavu, mwendo wa taratibu na sauti nzito ya kukwaruza. Katika hali zote mbili usemi umeguswa: ama sikio halikuipokea lugha, ama kinywa na zoloto haviwezi kuitoa ipasavyo. Mwanaisimu anayechunguza namna watoto wanavyojifunza lugha hana budi kukumbuka kwamba, kabla ya msamiati na sarufi, ilihitajika chumvi katika chakula cha mama.

6. Sauti ya mtu mzima aliyepungukiwa

Mwaka 1873 tabibu William Gull wa London aliwaeleza wenzake habari za wanawake watu wazima ambao miili yao ilikuwa imelegea na nyuso zao kuvimba. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni kwamba ulimi wao ulikuwa mpana na mnene, sauti yao ilitoka kooni, na matamshi yao yalikuwa kama ya mtu ambaye ulimi hautoshi kinywani. Wakati huo sababu haikujulikana. Siku hizi inajulikana kwamba huo ulikuwa upungufu wa homoni za dundumio.

Namna upungufu huo unavyofanya kazi ni hivi. Homoni zinapopungua, chembechembe zenye asili ya sukari zinazovuta maji hukusanyika chini ya ngozi, usoni, katika ulimi, na katika lile tabaka laini la nyuzi sauti. Nyuzi huvimba na kuwa nzito, kidatu hushuka, mkwaruzo huingia. Misuli hulegea, hivyo mtu hachoki kwa kuimba tu bali hata kwa kuzungumza. Ulimi ulionenepa huzifanya konsonanti za ncha ya ulimi zipoteze ukali wake. Na kwa kuwa fikra nazo zimepunguziwa mwendo, maneno huja polepole, yakiwa na vituo virefu kati yake.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, habari ya mwalimu wa shule ya msingi katika mtaa wa Kadutu, mwanamke wa miaka 45, ambaye pia huimba katika kwaya ya parokia. Mwaka wa kwanza anashindwa kufikia noti za juu, na mwalimu wa kwaya anamwambia, “Mama, shuka uimbe na wanaume.” Watu wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Mwaka wa pili wanafunzi wa viti vya nyuma hawamsikii. Mkaguzi anaandika kwamba anafundisha kwa uzito na bila ari. Nyumbani anavaa sweta wakati wengine wanasikia joto; nywele zinadondoka; uzito unaongezeka ingawa hali zaidi ya zamani. Kila dalili inapewa maelezo yake pekee: umri, uchovu, vumbi la chaki, malezi ya watoto. Hakuna anayeziweka dalili hizo pamoja. Ajapo mganga anayempima damu na kumpa vidonge vya homoni, sauti huanza kurudi baada ya majuma au miezi. Lakini maneno yaliyoandikwa na mkaguzi yamebaki katika faili.

Mfano huu unaeleza kwa nini jambo hili linahusu pia wale wanaopima usemi wa wengine: walimu, wakaguzi, watangazaji, viongozi wa kwaya. Sauti nzito na ya taratibu husikika katika masikio ya watu kama tabia. Huitwa uvivu, huzuni au dharau. Kumbe huenda ni ugonjwa unaopimika.

7. Sauti ya aliyezidiwa, na uzito wa rovu

Upande wa pili ni wa dundumio inayofanya kazi kupita kiasi. Mgonjwa hukonda ilhali anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, hasikii raha wakati wa joto. Mtetemeko huo huingia hata sautini, ikawa kama ya mtu mwenye hofu. Usemi huenda kasi, lakini pumzi hukatika kabla ya sentensi kwisha, kwa kuwa misuli ya kifua nayo imedhoofika. Msikilizaji hudhani ana wasiwasi au hasira.

Mbali na homoni, rovu lenyewe lina uzito na nafasi. Likikua sana hulikandamiza koo la hewa, na mgonjwa husikika akivuta pumzi kwa sauti, hasa alalapo chali. Laweza pia kuibana neva iendayo kwenye nyuzi sauti. Ni kweli kwamba marovu mengi hayana hatari kubwa na wenye nayo huishi miaka mingi wakizungumza vizuri. Lakini uvimbe wa shingo unaoambatana na sauti iliyopwa ghafla, au unaokua upesi, au ulio mgumu kama jiwe, haufai kungojwa. Miongoni mwa sababu zake imo saratani.

8. Kisu na neva

Upasuaji wa dundumio unahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya njia ya ajabu ambayo neva za zoloto hupitia. Neva kuu ya kuendesha nyuzi sauti haitoki kichwani ikaishia kooni moja kwa moja. Hushuka hadi kifuani, ile ya kushoto ikauzunguka mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena shingoni ikipita nyuma tu ya dundumio. Galeni, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliwaonyesha watazamaji kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza papo hapo neva hiyo ikikatwa.

Ikiumia neva ya upande mmoja, uzi sauti wa upande huo hulala. Nyuzi hazikutani, hewa huvuja, na sauti hutoka kama mnong'ono. Kwa Kiswahili, ambamo pata na bata, faa na vaa, saa na zaa hutofautishwa na mtetemo wa nyuzi sauti tu, konsonanti ghuna hufifia na msikilizaji hulazimika kubahatisha kwa msaada wa muktadha. Zikiumia zote mbili, hatari si ya sauti tena bali ya pumzi.

Iko neva nyingine ndogo, iliyo jirani na ncha ya juu ya dundumio, inayouamuru msuli wa kukaza nyuzi sauti. Ikikatwa, mtu huzungumza kama kawaida, ila hawezi kupanda juu. Mwimbaji Amelita Galli-Curci, aliyekuwa maarufu kwa sauti yake ya juu, alipasuliwa rovu mjini Chicago mwaka 1935, na kwa miaka mingi wapasuaji walifundishwa kwamba neva hiyo ndiyo iliyokatwa na kuikatisha kazi yake. Uchunguzi wa kumbukumbu uliochapishwa mwaka 2001 uliitilia shaka hadithi hiyo. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua kabla ya kisu. Hata hivyo funzo limebaki, na si kwa waimbaji pekee. Kiswahili hutofautisha “Amefika” na “Amefika?” kwa kiimbo tu. Anayeshindwa kupandisha sauti huweza kuuliza swali likasikika kama taarifa. Na anaporudi kwa wazee wake kuzungumza Kimashi, ambacho ni lugha ya toni, tatizo linaweza kuwa kubwa zaidi.

9. Homoni za uzazi

Dundumio si tezi pekee inayotawala sauti. Mvulana anapobalehe, homoni za kiume hulikuza zoloto lake, nyuzi sauti hurefuka na kunenepa, na kidatu hushuka kwa kiasi cha oktavu moja. Katikati ya safari hiyo sauti hukatikakatika, naye huchekwa. Zoloto la msichana nalo hukua, ila kwa kiasi kidogo. Kwamba kazi hii ni ya homoni kulithibitishwa kwa ukatili huko Italia, ambako zamani wavulana walihasiwa ili wabaki na sauti ya juu. Mmoja wa waimbaji wa mwisho wa aina hiyo, Alessandro Moreschi, sauti yake ilinaswa kwenye sahani za santuri mjini Roma mwaka 1902 na 1904.

Kwa mwanamke, baadhi ya wanaotumia sauti sana huona kwamba siku chache kabla ya hedhi sauti huwa nzito na noti za juu hugoma, kwa kuwa nyuzi huvimba kidogo. Mimba huweza kuleta hali kama hiyo, ambayo huondoka baada ya kujifungua. Hedhi inapokoma, homoni za kike hupungua, nyuzi hukauka, na kidatu hushuka. Hayo ni maumbile, si maradhi.

Taabu ni kwamba maradhi ya dundumio huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na aghalabu katika umri huohuo. Hivyo maumbile huyaficha maradhi. Mwanamke wa miaka 50 anaposema kwamba sauti yake imekuwa ya kiume, jibu la haraka ni kwamba ndio ukubwa. Huenda ni kweli. Lakini kipimo kimoja cha damu ndicho kinachoweza kuamua. Lingine la kuonywa ni dawa zenye homoni za kiume, zikiwamo zile zinazotumiwa kujaza misuli. Sauti ya mwanamke iliyoshushwa na dawa hizo mara nyingi hairudi hata akiziacha.

10. La kufanya

Sauti iliyopwa kwa zaidi ya majuma matatu, pasipo mafua yanayoeleweka, inastahili kuchunguzwa. Si kila mkwaruzo unatokana na dundumio: kifua kikuu huweza kushika zoloto, asidi ya tumbo huweza kupanda na kuliunguza, tumbaku huliharibu, na mwalimu mwenye darasa la watoto wengi huweza kuota vinundu kwenye nyuzi kwa kupaza sauti. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia dawa. Mganga huuliza habari, hupapasa shingo mgonjwa akimeza mate, hutazama nyuzi sauti kwa kioo au kwa kamera nyembamba, na huagiza kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi pituitari inavyoihimiza dundumio.

Mwenye upungufu hupewa vidonge vya homoni, kwa kawaida kwa maisha yake yote, na huonywa asiviache anapojisikia nafuu. Aliyezidiwa hupewa dawa za kuituliza tezi, au hutibiwa kwa njia nyingine kadiri ya hali yake. Anayekwenda kupasuliwa rovu anayo haki ya kuuliza sauti yake itakuwaje, na ni vema nyuzi sauti zitazamwe kabla na baada ya upasuaji. Nyumbani, chumvi yenye iodini ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, kwani iodini huondoka ikiachwa wazi. Dawa za kienyeji za kupaka shingoni haziwezi kurudisha homoni ambayo haipo.

11. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba sauti si mali ya koo peke yake. Ni matokeo ya tezi, madini, chakula, umri na jinsia, yote yakikutana katika mikunjo miwili midogo ya nyama. Imeonyeshwa pia kwamba mambo hayo hayajulikani kwa vitabu vya mbali tu. Sehemu muhimu ya elimu hiyo ilipatikana Idjwi, kutoka kwa watu waliokubali kupimwa shingo zao. Sayansi iliyotoka kwao ni haki yao kurudishiwa, tena kwa lugha wanayoielewa.

Kwa hiyo mtaalamu wa lugha anayeisikia sauti nzito, ya taratibu na ya kukwaruza, asifanye haraka kuiandika kuwa lafudhi au tabia. Aulize kwanza ilianza lini. Maji ya bahari yana saa zake za kurudi. Sauti iliyopwa kwa ugonjwa haina saa, hungoja mtu atambue kwamba imeondoka.